Wazazi wa Greenland na vipimo vya Denmark: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tunajibu maswali ya watu wanaosikia kwa mara ya kwanza kwamba katika nchi tajiri kama Denmark mama anaweza kufanyiwa mtihani wa saikolojia kisha akachukuliwa mtoto. Sehemu kubwa inahusu Wagreenland, watu wa kisiwa cha barafu cha Greenland kilicho chini ya Ufalme wa Denmark, maana huko mjadala umefika mbali hadi sheria ikabadilika. Kanada na kwingineko tutapapitia pale panapoleta mwanga.

Tathmini ya uwezo wa malezi ni kitu gani?

Ni uchunguzi unaoagizwa na manispaa inapotilia shaka kama mzazi ataweza kumlea mtoto wake. Kidenmark huitwa *forældrekompetenceundersøgelse*, jina linalowachosha hata wenyewe, ndiyo maana wamelifupisha kuwa FKU. Mwanasaikolojia hukutana na mzazi mara kadhaa, humhoji maisha yake tangu utotoni, humtazama akiwa na mtoto, na mara nyingi humpa vipimo vya akili na vya haiba. Mwisho huandika ripoti.

Manispaa ikitaka kumwondoa mtoto bila ridhaa ya wazazi, uamuzi huwa wa kamati ya watoto na vijana. Ndani yake wamo madiwani wawili, hakimu mmoja na wataalamu wawili wa saikolojia au malezi. Uchunguzi unaweza kufanywa mama akiwa bado mjamzito, na hapo uamuzi huweza kutekelezwa siku ileile mtoto anapozaliwa.

Kisheria, basi, kipimo hakimchukui mtoto. Watu ndio wanaomchukua. Lakini ripoti nene yenye alama na sahihi ya mtaalamu haibishiki kirahisi, sembuse na mama aliyejifungua juzi na anayeongea lugha ya pili.

Wagreenland wameingiaje chini ya sheria za Denmark? Si wana serikali yao?

Wanayo. Greenland ilikuwa koloni mpaka 1953, ikapata utawala wa ndani 1979 na mamlaka mapana zaidi 2009, na ustawi wa jamii kisiwani unaendeshwa na serikali ya Nuuk, mji mkuu wake. Ila ni sehemu ya Ufalme wa Denmark bado, na Mgreenland ni raia wa Denmark. Takriban watu 17,000 wenye asili ya Greenland wanaishi Denmark: wanafunzi, wagonjwa waliofuata matibabu, waliooa au kuolewa huko, waliokwenda kutafuta maisha.

Akishatua Copenhagen au Aalborg, manispaa ya hapo ndiyo yake. Na kwa kuwa si mhamiaji, hapati ile mipango ya kumpokea mgeni wala mafunzo ya lugha. Karatasi zinamwona Mdenmark kamili. Anakuwa mgeni pale tu anapoketi mbele ya mwanasaikolojia.

Pengo lina ukubwa gani?

Kwa mujibu wa ripoti iliyotoka 2022, asilimia 5.6 ya watoto wenye asili ya Greenland nchini Denmark walikuwa wamewekwa nje ya familia zao. Kwa watoto wenye asili ya Denmark ilikuwa asilimia 1. Si pengo lote ni upendeleo wa vipimo: umaskini, ulevi na upweke wa ughaibuni vimo, na anayevikataa anajidanganya. Swali ni kiasi gani cha pengo hilo kinatokana na namna wazazi wanavyotazamwa.

Chumbani huulizwa nini?

Mama mmoja aliyepimwa ameviambia vyombo vya habari kwamba aliulizwa Mama Teresa ni nani, na mwanga wa jua huchukua muda gani kufika duniani. Mwingine anasema aliulizwa kioo hutengenezwa kwa kitu gani, na ile ngazi kubwa maarufu ya mjini Roma inaitwaje. (La jua jibu lake ni dakika nane na ushei. Kama hukulijua, usijali, hakuna anayekuja kwako na gari la manispaa.)

Maswali ya namna hiyo yamo katika sehemu ya maarifa ya jumla ya vipimo vya akili. Wanaovitetea husema havikusudiwi kupima mapenzi ya mama bali uwezo wake wa kufikiri na kupanga mambo, na kwamba ni sehemu ndogo tu ya picha nzima. Sawa. Lakini maarifa ya jumla ni ya jumla kwa nani? Mtu aliyekulia kijiji cha pwani ya mashariki ya Greenland anajua barafu ipi inabeba mzigo na ipi itammeza. Kipimo hakina swali hilo.

Halafu kuna kadi za madoa ya wino za Rorschach, daktari wa Uswisi aliyezitoa 1921. Unaonyeshwa doa, unaulizwa unaona nini. Mama mwingine anasema katika kadi mojawapo aliona mwanamke akimpasua sili, mnyama wa baharini anayewindwa huko, na kumtoa matumbo. Kwao hiyo ni kazi ya nyumbani kama kazi nyingine: sili akishavuliwa hupasuliwa, nyama ikagawanywa, ngozi ikasafishwa, watoto wakiwa hapohapo wanatazama. Anadai mwanasaikolojia aliposikia jibu hilo alimwita mshenzi. Sasa mvuvi wa Mafia naye akiwekewa doa hilo mezani anaweza kuona pweza anapigwa kwenye jiwe ili alainike, na mpimaji asiyewahi kula pweza ataandika kwamba mtu huyu amejaa ukatili.

Lakini vipimo hivi si vya kisayansi? Vinawezaje kupendelea?

Alama ya kipimo cha saikolojia haina maana peke yake. Hupata maana ikilinganishwa na majibu ya kundi la watu walioitwa wa kawaida. Kwa hiyo jambo la kwanza kuuliza ni kundi hilo lilikuwa nani.

Chukua dodoso la MMPI, mojawapo ya vipimo vya haiba vinavyotumika sana duniani katika kesi za wazazi. Lilitengenezwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Ili kujua mtu wa kawaida hujibuje, watafiti waliwachukua zaidi ndugu na jamaa waliokuja kuwaona wagonjwa katika hospitali za chuo hicho, karibu wote wazungu wa jimbo lile. Toleo la 1989 lilitafuta watu wa aina nyingi zaidi, lakini bado walikuwa watu wa Marekani. Mzazi wa Greenland hakuwamo, wala hakuna aliyekwenda kijijini kwake kuthibitisha kwamba alama zinamaanisha kitu kilekile.

Na kuna kisa cha karibu na nyumbani zaidi. Tathmini nyingi za wazazi huegemea nadharia ya mfungamano wa mama na mtoto. Mmoja wa walioijenga, Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alifika Uganda 1954 na kuwatembelea akina mama 26 katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala, akiangalia watoto wachanga wanavyowashikilia mama zao. Aliona nyumba zenye walezi wengi: mama, bibi, shangazi, wake wenza. Baadaye, huko Baltimore, alitunga jaribio la chumbani: mtoto wa mwaka mmoja anaachwa kwa dakika chache, na mgeni au peke yake, kisha mama anarudi. Namna mtoto anavyompokea ndiyo humpangia kundi, wenye mfungamano salama na wasio nao.

Jaribio hilo lilipofanywa Bielefeld, Ujerumani, watoto wengi mno walionekana kumkwepa mama anaporudi. Lilipofanywa Sapporo, Japani, wengi walilia wasinyamaze. Watafiti walifanya nini? Walitafuta maelezo. Kwamba wazazi wa Bielefeld wanapenda mtoto ajitegemee mapema. Kwamba mtoto mchanga wa Sapporo hajazoea kuachwa hata dakika, kwa hiyo jaribio lenyewe lilikuwa kali mno kwake. Hakuna aliyesema mji mzima wa Bielefeld haujui kulea.

Heshima hiyo ya kutafuta maelezo kabla ya kutoa hukumu ndiyo Wagreenland wanayoidai. Hawadai zaidi.

Lugha ina shida gani? Wengi wao si wanajua Kidenmark?

Wengi wanajua, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu manispaa ikimsikia mama anaongea Kidenmark haioni haja ya mkalimani. Kidenmark cha dukani na cha shuleni hakitoshi kuelezea kifo cha mama yako, au kwa nini ulimwacha baba wa mtoto, huku mtu akiandika kila unachosema. Lugha ya Greenland ni Kalaallisut, na wanasaikolojia wanaoweza kufanya tathmini nzima kwa lugha hiyo ni wachache mno.

Kisha kuna yasiyosemwa kwa mdomo. Mgreenland anaweza kuitikia kwa kuinua nyusi tu, na kukataa kwa kukunja pua. Kimya kwake si lazima kiwe ukaidi wala kutojali. Kunyamaza kabla ya kujibu jambo zito ni adabu. Keti sasa upande wa pili wa meza. Umemuuliza mama kama anampenda mtoto wake, unasubiri neno, naye ameinua nyusi na kutulia. Usipojua, utaandika: hakujibu, uso hauonyeshi hisia. Sentensi kama hiyo ikishaingia kwenye faili haitoki, na ripoti ya pili huinukuu ya kwanza.

Taasisi ya Haki za Binadamu ya Denmark iliyaandika haya 2022: kwamba vipimo havikurekebishwa kwa lugha wala utamaduni wa Greenland, na kwamba mzazi anaweza kutoka na alama za chini kuliko uwezo wake halisi. Ikashauri visitumike kwao.

Malezi yenyewe yanatofautiana wapi?

Katika malezi ya Kiinuit, yaani ya Wainuit, wenyeji wa asili wa Greenland, mtoto huachiwa ajaribu mambo mwenyewe na kujifunza kwa kutazama. Kumfokea mtoto ni aibu ya anayefoka. Mpimaji aliyezoea mzazi anayeongoza kila kitu kwa maneno, akieleza na kusifu na kuweka mipaka kwa sauti, anaweza kuuona utulivu huo akauita uzembe.

Jambo jingine ni majina. Greenland mtoto mara nyingi hupewa jina la jamaa aliyefariki karibuni, na ndugu humtendea kama aliyebeba kitu cha marehemu yule. Mama anaweza kumwita mwanawe mchanga babu. Msomaji wa Kiswahili hashtuki, kwani nasi mtoto aliyepewa jina la babu yake huitwa babu tangu yuko kwenye kanga. Ila mtu asiye na desturi hiyo akisikia mama anamwambia kichanga “babu yangu, umerudi”, sina hakika ataandika nini.

Na kuna mtoto kukaa kwa bibi mwaka mzima, au kulelewa na mjomba asiye na watoto. Kwa faili la manispaa hiyo inaweza kusomeka kwamba mama huyu alishawahi kumtoa mtoto.

Je, tatizo ni vipimo peke yake?

Hapana, na kwa maoni yangu vipimo vimebebeshwa lawama nyingi kuliko haki yao kwa sababu ni rahisi kuvionyesha kidole. Upendeleo huanza kabla: nani anashukiwa na mkunga, nani anaripotiwa na mwalimu, jirani gani anapiga simu. Ukifika kwenye kipimo, mengi yameshaamuliwa.

Halafu kuna historia, ambayo mpimaji huiuliza kama habari binafsi. Mwaka 1951 watoto 22 wa Greenland walipelekwa Denmark ili wafanywe mfano wa Wagreenland wapya wenye mwenendo wa Kidenmark. Sita walibaki huko wakaasiliwa. Waliorudi, 16, hawakurudishwa kwa wazazi wao bali waliwekwa kwenye kituo cha kulelea watoto mjini Nuuk, wakiwa wameshasahau lugha yao. Serikali ya Denmark iliomba radhi Desemba 2020, na 2022 sita waliokuwa bado hai wakalipwa fidia ya kroner 250,000 kila mmoja. Tena kuanzia 1966 maelfu ya wanawake na wasichana wa Greenland waliwekewa kitanzi cha kuzuia mimba, wengi bila kuulizwa. Radhi ya hilo iliombwa Nuuk Septemba 2025.

Mama wa leo ni binti au mjukuu wa watu hao. Anapoulizwa utoto wake ulikuwaje akasema mama yake alikuwa mlevi, au kwamba yeye mwenyewe alilelewa kwenye kituo, jibu hilo huhesabiwa dalili ya hatari. Yaani dola ilivunja nyumba ya bibi, na vipande vinatumika kama ushahidi dhidi ya mjukuu. Na akionyesha hofu kwa afisa ustawi wa jamii, huandikwa hana ushirikiano.

Hivi kukataa kupimwa kunasaidia?

Mara chache. Anayekataa huonekana anaficha kitu, na anayekubali anapimwa kwa kipimo kibovu. Wanasheria wengi hushauri kushiriki lakini pingamizi liandikwe tangu mwanzo.

Je, utamaduni si kisingizio? Kuna watoto wanaoumizwa kweli.

Wapo, na ni Wagreenland wa kila rika wanaosema hivyo wenyewe. Kisiwa kina mijadala mikali juu ya ulevi na udhalilishaji wa watoto, na serikali ya Nuuk nayo huondoa watoto majumbani. Hakuna anayesema mtoto aachwe kwenye nyumba anakopigwa au kulala njaa kwa sababu wazazi ni watu wa jamii ya asili.

Tuseme kwa uwazi na upande wetu: kumchapa mtoto kumepigwa marufuku Denmark tangu 1997, na hoja ya “kwetu ndivyo tulivyolelewa” haitamsaidia mzazi yeyote wa Kiafrika huko, wala sioni kwa nini imsaidie. Ila kupiga ni tendo, linathibitishwa kwa ushahidi. Kushindwa kujua ngazi ya Roma si tendo. Kuinua nyusi si tendo. Kinachopingwa ni kuchukua tofauti ya mtu na kuiandika kama madhara, tena kwa lugha ya tarakimu.

Kosa hili huumiza watoto kwa pande zote mbili, jambo linalosahaulika. Kipimo kisichomfaa mzazi kinaweza pia kumpitisha aliye hatari kwa sababu anajua kuongea vizuri.

Denmark imebadilisha nini?

Baada ya ripoti ile ya Taasisi ya Haki za Binadamu ya 2022, Februari 2023 mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili alizuru Denmark na Greenland na kulaumu matumizi ya vipimo hivyo. Manispaa ziliendelea. Kilichowasha moto ni tukio la Novemba 2024: mama Mgreenland aliyekuwa amepimwa FKU alichukuliwa binti yake muda wa saa mbili tu tangu azaliwe. Watu waliandamana Nuuk na Copenhagen.

Januari 2025 serikali ya Denmark ilitangaza kwamba vipimo hivyo havitatumika tena kwa familia zenye asili ya Greenland, na tangu 1 Mei 2025 ni sheria. Badala yake kesi hizo zipitie kitengo maalumu chenye wataalamu wanaojua lugha na utamaduni wa Greenland.

Basi yamekwisha?

Agosti 2025, miezi mitatu tu baada ya sheria kuanza, manispaa nyingine ilimchukua mtoto wa msichana wa miaka 18 mwenye asili ya Greenland, yapata saa moja baada ya kujifungua. Alikuwa amefanyiwa FKU. Hoja ya manispaa ilikuwa kwamba sheria mpya haimhusu yeye, maana yake kwamba hakuwa Mgreenland wa kutosha. Maandamano yakarudi, na Septemba bodi ya rufaa ikautengua uamuzi, mtoto akarudishwa kwa mama yake.

Tazama kilichotokea. Kipimo kimekatazwa, na papo hapo amejitokeza mtu wa kupima ukubwa wa Ugreenland wa mama. Ndiyo sababu sishangilii sana marufuku ya 2025. Ni nzuri, ila tabia iliyokizaa kipimo inaweza kuhamia kwenye mahojiano ya kawaida, ambayo hayana hata alama za kuzikatia rufaa.

Na watoto waliochukuliwa kabla ya sheria?

Serikali iliahidi kupitia upya kesi takriban 300. Kazi inakwenda polepole, na walioasiliwa hali yao ni ngumu zaidi, kwa sababu kuasiliwa hukata uhusiano wa kisheria moja kwa moja.

Muda nao humfanyia kazi aliyeshika mtoto. Hoja hii ina historia ndefu: mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya mtoto wa jamii ya asili, ilisema kadiri mtoto anavyozidi kuwazoea walezi wapya ndivyo uzito wa asili yake unavyopungua ukilinganishwa na mazoea hayo. Mzazi aliyekosewa akipigania haki miaka mitano, anaambiwa mwishoni kwamba ni kweli alikosewa, lakini mtoto ameshazoea.

Kanada wamefanyaje?

Huko idadi ni kubwa kupindukia. Sensa ya 2021 ilionyesha watoto wa jamii za asili ni asilimia 7.7 ya watoto wote wa chini ya miaka 15, lakini ni asilimia 53.8 ya walio katika malezi ya kambo. Nyuma yake kuna shule za bweni za lazima walizopitishwa watoto wapatao 150,000, ya mwisho ikifungwa miaka ya 1990, na kuna wimbi la watoto kuasiliwa na familia za wazungu kuanzia miaka ya 1960.

Sehemu kubwa ya kesi za Kanada si kipigo bali ni kile kinachoitwa kutelekeza: nyumba imejaa watu, maji si safi, chakula hakitoshi. Umaskini, kwa jina jingine. Januari 2016 Baraza la Haki za Binadamu la nchi hiyo liliamua kwamba serikali kuu ilikuwa inawabagua watoto wa Mataifa ya Kwanza, mojawapo ya makundi ya wenyeji wa asili wa Kanada, kwa kuwatengea fedha pungufu za huduma za familia, kesi iliyofunguliwa 2007 na kina Cindy Blackstock, mtetezi wa haki za watoto hao. Sheria iliyoanza 1 Januari 2020 sasa inasema mtoto wa jamii ya asili asiondolewe kwa sababu tu ya umaskini, ukosefu wa nyumba ya kufaa au afya ya mzazi, na inatambua haki ya jamii hizo kutunga sheria zao za ulinzi wa mtoto. Jimbo la Quebec liliipinga. Mahakama ya Juu ikaithibitisha Februari 2024.

Juu ya vipimo vyenyewe, uamuzi unaofaa kusomwa ni wa Juni 2018. Ulihusu mfungwa wa jamii ya Métis, watu wa asili wenye mchanganyiko na Wazungu, si mzazi, lakini hoja ni ileile: mahakama ilisema idara ya magereza ilivunja sheria kwa kuendelea kutumia vipimo vya saikolojia kwa wafungwa wa asili bila kuhakikisha kwamba vinawafaa. Yaani mzigo wa kuthibitisha kipimo ni wa anayekitumia. Ningependa kila manispaa ibandike sentensi hiyo mlangoni.

Kwingine?

Marekani ina sheria ya 1978 ya ustawi wa watoto wa Kihindi Wekundu, iliyotungwa baada ya kubainika kwamba kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto hao walikuwa wametengwa na familia zao; inadai ushahidi wa mtaalamu kabla ya mtoto kuondolewa, na kanuni zake zinataka mtaalamu huyo ajue desturi za kabila husika. Mahakama ya Juu iliiacha isimame Juni 2023. Australia iliomba radhi bungeni Februari 2008 kwa watoto wa asili waliochukuliwa zamani, na watoto wa asili bado huondolewa majumbani kwa kiwango cha zaidi ya mara kumi kuliko wenzao. Nyuzilandi, tangu 1989, sheria inataka familia pana iitwe kikaoni na kupewa nafasi ya kupanga yenyewe kabla mahakama haijaingia. Mababu zetu wangesema hicho ni kikao cha ukoo, na wangeshangaa kilihitaji sheria.

Tathmini ya haki ingeonekanaje?

Ianze na swali la mtoto huyu amepata madhara gani, si mzazi huyu anafanana na nani. Ifanyike kwa lugha ya moyoni mwa mzazi. Ifanyike zaidi nyumbani na kwa muda, mama akiwa anapika na mtoto yuko miguuni pake, kuliko ofisini na kadi mezani. Wahojiwe bibi na shangazi, kwa sababu ndio watakaolea pia. Na kila upungufu ukionekana, iandikwe msaada gani ulitolewa kwanza na ukaishia wapi. Ripoti nyingi hupita juu ya hilo la mwisho haraka sana.

Mimi ni mzazi Mswahili niliye Ulaya. Hili linanihusu?

Marufuku ya Denmark ni ya wenye asili ya Greenland tu. Msomali, Mkongo au Mtanzania anaweza bado kupewa vipimo vilevile. Desemba 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya mama Msomali aliyefika Norwei na mtoto aliyemzaa Kenya; mtoto aliwekwa kwa familia ya Kikristo, kisha akaasiliwa nayo, ingawa mama aliomba awekwe kwa jamaa zake au kwa familia ya Kisomali au ya Kiislamu. Majaji walisema Norwei ilivunja haki yake ya maisha ya familia.

Ukiitwa Denmark, una haki ya wakili wa bure pale manispaa inapotaka kumwondoa mtoto bila ridhaa yako, haki ya kuja na mtu wako wa kukusindikiza vikaoni, na haki ya kusoma faili lako. Uamuzi wa kamati hukatiwa rufaa ndani ya wiki nne. Uliza kwa maandishi ni kipimo gani kitatumika na kililinganishwa na watu gani.

Mkalimani niliyepewa anaongea Kiswahili, lakini hatuelewani vizuri. Naweza kumkataa?

Sema mapema, kabla mahojiano hayajaanza. Mtu wa Bukavu akipewa mkalimani wa Zanzibar, au kinyume chake, wote wawili “wanaongea Kiswahili” machoni pa ofisi, na ofisi haina namna ya kujua kuna tatizo mpaka uliseme. Omba aandikwe wa nchi au eneo lako, na kama hawana, taka iandikwe kwenye ripoti kwamba uliomba.